Dawa ya Mgongo Iliyomfikia Ngosa Mdogo

Lubumbashi, huku mtaani Kenya

Mama yangu, Mama Ngosa,

Nakuamkia kwa magoti yote mawili, kama ulivyotufundisha. Mguu wako unaovimba wakati wa mvua unaendeleaje? Mihogo imeshika? Sisi huku tuko wazima, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nalisema neno hilo bila kuangalia chini. Ninaandika kwa sababu simu zangu huzipokei. Najua mdogo wangu Agneta ndiye anayekusomea. Agneta, usiruke mistari, hata ile ya aibu.

Mama, mjukuu wako amepona. Hatetemeki tena. Ananyonya mpaka anasahau kupumua, analala vizuri, na mashavu yamejaa kama mikate ya mafuta.

Hukumwacha hivyo. Ulikuja kutoka Lukafu na unga na samaki wakavu, ukamkuta mtoto analia kwa sauti nyembamba, mikono inatetemeka, anapiga chafya, ana njaa lakini titi linamshinda. Ukarudisha mikono yako ndani ya kitenge. "Sitashika huyu mwana mupaka utasema jina ya ule mwanamuke," ukaniambia, ukapanda lori. Kwetu kila mtu anajua: mume akitembea nje mke akiwa na mimba, mtoto atatetemeka, na nkambo, bibi yake, akimshika kabla baba hajakiri, mtoto atakufa. Uliogopa kumwua, naelewa. Lakini iliniuma sana, Mama, maana mtoto huyo ana jina lako.

Sasa cheka kidogo. Kaka yako, mjomba Chola, alinivuta pembeni. "Sema tu jina moja, yoyote, mambo iishe. Mutoto njo wa maana." Nikaona mzee ana akili. Nikaenda maternite, wodi ya wazazi, nikasimama mbele ya kitanda cha Odile, muuguzi yupo anampima mtoto joto, nikamtangazia mke wangu kwamba nilitembea nje.

"Na nani?" Odile akauliza.

"Na mwanamuke moja wa Bel-Air."

"Jina yake?"

Mama, mimi ni mchomeaji vyuma, kutwa nanuka moshi. Mwanamke wa mtaa ule wa nyumba nzuri ningempata wapi? Odile, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akaanza kucheka na machozi yake. "Huyu? Bel-Air? Hata njia ya kule haijue!"

Muuguzi, Mama Vero, hakucheka. Akamgeukia Odile. "Mama, wakati ya mimba ulikuwa unakunywa dawa gani? Sema bila woga. Hapa hatuko ba polisi."

"Hapana dawa. Tramadol tu, ya mugongo."

Kazi ya Odile unaijua, kubeba mifuko ya mahindi sokoni. Wanawake wote wa pale wanavimeza vidonge hivyo. Muuzaji anapita navyo ndani ya beseni pamoja na pipi na karanga. Alianza kuvimeza siku za mizigo mizito tu. Mimba ilipokua, mgongo ukazidi, vikawa vya kila asubuhi, na asipomeza anatoka jasho na mwili wote unauma. Mimi mwenyewe niliviona mezani, sikusema kitu. Dawa tuliyoiogopa ni ya tumbo. Odile alikataa hata ile ya minyoo aliyopewa kliniki, kwa kuwa mtoto anakaa tumboni! Ya mgongo tulidhani inakwenda mgongoni, basi.

"Dawa haina barabara yake," Mama Vero akasema. "Ikiingia mu damu, inazunguka mwili yote. Inafika ku plasenta, inapita, inaingia kwa mutoto. Mama akikunywa, mutoto naye anakunywa."

Akatueleza bila haraka. Mtoto tumboni huizoea dawa ile kama mama yake. Akizaliwa, kitovu kikikatwa, dawa nayo inakatika ghafla, na mwili mdogo unaidai. Kule kutetemeka kulikuwa kudai. Si laana, wala si kutembea nje kwa mtu yeyote. Odile akainamisha kichwa. "Basi ni mimi njo nilimutesa." Mama Vero akamkemea: "Uliumwa, ukatafuta dawa. Nani alikuambia kama inafika kwa mutoto? Hakuna."

Walimweka mtoto chumba chenye mwanga kidogo na kimya, wakampa matone ya dawa na kuyapunguza polepole. Odile naye walimpunguzia vidonge vyake, na saa ya kunyonyesha daktari ndiye aliyeisema. Lakini dawa iliyofanya kazi kuliko zote, Mama, ilikuwa kushikwa. Kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi. Nilimshika mimi. Mjomba Chola alimshika na kumwimbia nyimbo za kwaya, vibaya kama kawaida yake. Mama mkwe alimshika. Hakuna aliyemdhuru, na kutetemeka kukapungua.

Bijou, rafiki wa Odile pale sokoni, ana mimba. Aliposikia habari yetu alitaka kuvitupa vidonge vyote chooni siku hiyohiyo. Odile akamshika mkono hadi kwa Mama Vero, maana kuacha ghafla nako kunamtesa mtoto tumboni. Inatakiwa kupunguza mbele ya macho ya waganga wa hospitali. Siku hizi Odile akimwona yule muuzaji wa beseni anamfukuza kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuisikia nyumbani. Nina raha na mke wangu, Mama, nakuambia wazi.

Sikuombi uache mila za Lukafu. Kuku wa kutakasa najua umeshamchagua. Mlete, tutamla na bukari, ugali wetu. Nisalimie baba mdogo na mbuzi wake wasiosikia, shangazi anayeniombea kila jumuiya, na katekista, umwambie ubatizo tunauchelewesha kwa ajili yako.

Odile bado anambeba mtoto mikononi, hata sokoni, wakati wenzake wote wamewafunga watoto wao mgongoni. Kwetu nkambo ndiye anayemfunga mjukuu mgongoni kwa mara ya kwanza, na Odile amekataa mtu mwingine yeyote afanye. Wanawake wanamcheka. Yeye anawajibu tu: "Mugongo ya huyu mutoto iko Lukafu. Itakuya."

Mwanao,
Kapya