Ubwoko Juu ya Kadi

Jumatatu, 7 Machi 1994

Mtu amegusa programu yangu tena! Ijumaa niliacha mistari miwili juu kabisa, ile inayoita mafaili: faili la ubwoko.h kwanza, kadi.h chini yake. Leo kadi iko juu. Ofisi yetu ya Muhima ina watu watatu – mimi, shefu Révérien na Cyriaque wa meza ya dirishani. Shefu hajui lugha ya C, anajua kuchapisha tu. Basi ni Cyriaque. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimerudisha. Mwalimu wetu Bujumbura alisisitiza: aina za data kwanza, zinapotumika baadaye. Na ubwoko.h – ubwoko ni aina kwa lugha yetu – ndimo zilimo aina zangu: tarehe, umri, uzito wa mtoto. Programu ni ya chanjo za watoto, inachapisha orodha ya wazazi wao.

Jumatano, 9 Machi

Amegeuza tena. Ajabu – programu inakubali hivyo hivyo, haitoi kosa hata moja. Sasa anatafuta nini? Nafasi yangu! Nimemwuliza wakati wa chai. Akatazama mlango kwanza.

"Dada, wacha ubwoko ikae chini. Pale iko sawa."

Sawa kwa nani? Nimerudisha juu.

Ijumaa, 11 Machi

Shefu kaingia kwa hasira, orodha ya wazazi mkononi. "Xavérine! Safu ya mwisho imepotea. Nani iko nagusa mashini?"

Safu gani, sijui, anachapisha mwenyewe. Nimefungua – kumbe jana mistari iligeuzwa tena. Nikairudisha. Nikasema: Cyriaque. Nilisema haraka, na niliona raha. Shefu akaandika jina kwenye kijitabu chake.

Jumatatu, 14 Machi

Kiti cha Cyriaque kitupu.

Nimesoma kadi.h kwa mara ya kwanza. Shefu alikuja nayo kwenye disketi, sikuwahi kuichungulia. Katikati kuna sharti: kama neno UBWOKO limeshatajwa juu, chapisha safu ya mwisho. Na neno hilo ndilo linalofungua faili langu! Mimi nilimaanisha aina, kama mtu anavyosema ubwoko wa maharage. Mjinga mimi.

Nimechapisha ukurasa mmoja. Jina la baba. Mtaa. Nyumba. Halafu pembeni, kabila, lile linaloitwa ubwoko kwenye kitambulisho: Hutu. Tutsi. Tutsi. Tangu lini sindano ya surua inauliza hivyo?

Cyriaque hakutaka nafasi yangu. Alikuwa anawaficha watu, nami kila asubuhi nawafunua. Kisha nikamtaja yeye.

Shefu amepita sasa hivi. Orodha itachukuliwa saa kumi. Nikauliza Cyriaque yuko wapi. Hilo si la kuuliza, akasema, wewe panga mistari yako kama ulivyofundishwa. Kisha akauliza kama kuna mwingine humu, zaidi yangu, anayejua kuigeuza. Nikajibu hakuna.

Amekwenda kuleta karatasi. Nimeshaishusha ubwoko chini. Ofisini tumebaki wawili, na shefu hajui C.