Pini Zilizozidi kwenye Kisahani

Ghorofa ya Tatu,
Nyumba ya Marehemu Hajj Gawad,
Tanta.
14 Novemba 2019

Mpendwa dada Ferial,

Pokea salamu zangu nyingi, na uzigawe humo nyumbani kabla hujaendelea kusoma. U hali gani huko Melbourne? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemeji Munir ameacha sigara kweli, au anakuzuga kama mwaka jana? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mimi nina kikohozi tu cha vumbi la chaki, ugonjwa wa walimu.

Ulisema simu zinakuchosha, unataka karatasi ya kushika. Haya, shika hii kwa mikono miwili, maana ina mambo.

Radwa wetu nusura aachishwe chuo cha uuguzi. Mwezi uliopita, ndani ya treni ya asubuhi ya kwenda Mahalla, mwanamume mmoja alimpapasa mwilini katikati ya watu. Alirudi nyumbani analia, akamwambia baba yake. Shawki mume wangu unamjua. Alipiga meza, akaapa atamvunja mtu huyo mikono, na kwa kuwa mtu mwenyewe hakupatikana, hukumu ikamwangukia mtoto: hakuna treni tena, akae nyumbani. Chuo nacho kina sheria zake. Asipoonekana darasani hadi tarehe kumi Novemba, jina linafutwa.

Nilibishana, nikanuna, nikampikia mboga ya molokhia anayoipenda. Wapi! Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kuna mafunzo ya wanawake kujihami, kila Ijumaa alasiri kwenye ukumbi wa kituo cha vijana. Nilimpeleka Radwa nikidhani mimi nitakaa pembeni nikisahihisha madaftari. Kumbe hata mimi nilivuliwa viatu.

Anayefundisha ni kocha wetu, Kapteni Nihal, aliyekuwa mcheza judo, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya upole. Dada, ulikuwa unajua kwamba ukishikwa mkono, pa kuponyokea ni upande wa kidole gumba cha aliyekushika? Nimemjaribu Shawki, nimemjaribu mhasibu wa shule, wote wameachia. Miaka arobaini na saba natembea na mikono hii, sijui inavyofanya kazi.

Kwenye kupiga tulikuwa kichekesho. Yupo Mama Hani, yule muuza jibini wa karibu na stesheni. Aligonga mto wa mazoezi kwa kiganja, kisha akamwinamia binti aliyeushika, akamwuliza kama hajaumia. Nasi wengine vivyo hivyo, kila pigo na samahani yake. Kapteni akatuuliza, akija mtu kutushika, tutampiga halafu tumpelekee na supu?

Na kupiga kelele, usiniulize. Mimi ninayenyamazisha watoto hamsini, sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kapteni anataka tumtaje mtu kwa nguo aliyovaa, tutaje na anachofanya, ili watu wote wajue ni nani na aibu imfuate mwenyewe.

Nilimwuliza je, mwili ukiganda, sauti isitoke kabisa? Jibu lake nimelikariri.

“Mtu akiporwa, nani humwuliza mbona hakupigana? Kosa ni la mwizi. Ninachowafundisha ni nyongeza tu. Ukishindwa kukitumia, hujafanya kosa.”

Ijumaa ya pili, yaani tarehe nane, tulikuwa tujifunze kuanguka. Kapteni akasema tutoe pini za mitandio tusije tukachomana, akapitisha kisahani cha chai. Tulikuwa kumi na mmoja. Kisahani kilipomrudia alikitazama kwa muda, kisha akaanza kuzitenga pini kwa kidole. Huku zile fupi zenye vichwa vya shanga. Kule ndefu, nene, nyingine zimeshika kutu. Na moja ilikuwa sindano kabisa, ya kushonea magunia. Akaiinua hiyo.

“Hii nayo inabana mtandio gani?”

Halafu Mama Hani akasema, “Hiyo ya sokoni, Kapteni. Ya mikono inayopotea njia.”

Tulicheka hadi machozi, na kicheko kilipokwisha tukaanza kusema. Karibu kila mmoja alikuwa na yake, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake. Binti mmoja wa miaka kumi na tisa kapewa na shangazi. Mama Hani ana miaka thelathini na sindano yake. Mimi yangu nilipewa na mama siku ya kwanza ya sekondari. Aliichomeka ndani ya mkono wa sweta, akasema ni ya kwenye msongamano, akarudi zake jikoni. Sikuuliza kitu. Nimeitumia mara mbili, na hadi leo nikikumbuka hasira inanipanda.

Sasa nakuuliza wewe, dada. Na wewe alikupa? Tulilala kitanda kimoja miaka mingi na sijui. Na yeye mama, alipewa na nani, na yalimpata wapi? Siku hizi kila nikipishana na mwanamke najiuliza yake ameificha wapi, kwenye pindo au kwenye mkoba. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mwanaharamu hajapita, bado yumo ndani ya treni.

Radwa ndiye hakuwa na kitu cha kutia kisahanini. Sikumpa, wala sikumwambia neno. Nilijidanganya kwamba mambo hayo ni ya zamani, na najilaumu.

Tulirudi nyumbani kabla ya magharibi. Shawki alikuwa mezani anatengeneza redio. Mama yake, Hajat Dawlat, alikuwa upande wa pili anatoboa bilinganya za kujaza wali. Nikaiweka pini mbele ya mume wangu, nikamweleza ni ya nini. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia tangu nina miaka kumi na minne. Akauliza kwa nini sijawahi kumwambia, miaka yote hii ya ndoa.

Kabla sijajibu, Hajat alitua kisu, akapapasa pindo la gauni lake jeusi, akatoa ya kwake na kuilaza kando ya yangu. Ana miaka sabini na minane, dada. Unakumbuka alivyokuwa akiuza samli katika soko la Mahalla mzee wake alipolala kitandani miaka tisa kwa maradhi.

Shawki aliuliza kwa sauti ndogo, “Baba alijua?”

“Angejua, angenifungia ndani,” Hajat akasema, akaichukua bilinganya nyingine. “Na nyinyi watano mngekula nini?”

Shawki alikwenda roshani akakaa huko hadi chai yake ikapoa. Aliwaza nini sijui, na hamu ya kujua inaniwasha mpaka leo, ila hasemi. Alipoingia alimwambia Radwa apige pasi sare yake. Jumamosi mtoto akapanda treni, imebaki siku moja tu jina lifutwe.

Juzi Jumanne tukiwa kwenye chakula cha jioni, Radwa akaanza kusimulia mwenyewe, mbele yetu sote. Yamemkuta tena. Safari hii alisema kwa sauti, behewa zima likasikia: wewe mwenye koti la kahawia, ondoa mkono wako mwilini mwangu. Mzee mmoja alimwambia anyamaze asijiaibishe. Lakini wanawake wawili walisimama upande wake, na mkagua tiketi akamteremsha yule mtu kituo kilichofuata.

Hakuna aliyetafuna. Sote tulimtazama Shawki. Nilijua akitamka tu kwamba akae nyumbani, mtoto huyu hatamwambia neno tena maishani, ataanza kuishi kama tulivyoishi sisi.

Shawki alikata mkate, akamwekea nusu mbele yake.

“Kesho treni yako ni saa ngapi?” akamwuliza. “Nikuamshe.”

Nisalimie shemeji Munir na wanao Karim na Lubna. Hajat anakuombea dua kila swala, na Radwa anakubusu mikono. Mungu akuhifadhi utokapo na uingiapo.

Mdogo wako akupendaye daima,
Tahani