Meli ya Aliya na Kikombe cha Bi Muhsina

Jumatano, 8 Januari 2025

Mjukuu wangu Aliya kapewa meli! Si ya kupanda — ya kuiendesha kwa simu, ofisini kule Ruwi, hapa hapa Maskati. Yeye ndiye anayeitafutia mafuta, mabaharia, zamu ya gatini. Hajaikanyaga hata siku moja! Nikamwambia, mimi naendesha nyumba nzima na hapana anonipa cheo. Kacheka mpaka kamwaga chai. Meli ina ngano, inakwenda bandari ya Sohar. Ndiyo ya kwanza kuachiwa peke yake. Akiivuruga, watampa mwengine. Haivurugi. Mjukuu wa nani?

Alkhamisi, 9 Januari

Kesho baada ya alasiri Bi Muhsina anakuja kumposea mwanawe Asaad. Zulia nshalisugua, halua ipo, ubani upo. Nimemwonya Aliya: msichana anayeposwa hasikiki sauti, akae chumbani kimya. Ati, "Bibi, meli yangu inaingia gatini saa hizo hizo." Ya Rabbi! Basi izuie! Kasema ikikosa zamu itangoja wiki nzima nje, na yeye ndo basi tena. Mkaidi! Sijui kamrithi nani.

Ijumaa, 10 Januari

Naandika jikoni, kahawa iko motoni tena. Fedheha! Tumekaa majlisi, chumba cha wageni, Bi Muhsina kajikaza, hata halua hajaigusa. Mara sauti ya Aliya kutoka chumbani, Kiarabu na Kiingereza, anamwamrisha nahodha: punguza mwendo, msubiri rubani wa bandari apande akuingize gatini, usitie nanga! Ukuta unatetemeka. Bi Muhsina kaniuliza, huyo ndiye mchumba? Nikamjibu ndiye, na nahodha mwenye mvi anamtii, sembuse Asaad wako.

Ulimi wangu huu!

Nikajua kwisha. Sasa atakitikisa kikombe cha kahawa — mgeni akitikisa, katosheka, anaaga. Mkono ukabaki hewani. Hakutikisa! Kainuka, kenda mpaka mlango wa Aliya. Nikaanza kuomba radhi. "Hebu nyamaza!" kaniambia. Mimi! Nyumbani kwangu! Kisha kamuuliza Aliya, "Mwanangu, rubani keshapanda?" Aliya kajibu bado, mawimbi makubwa, na zamu inapita. Bi Muhsina kanyoosha kikombe nimmiminie. Cha tatu hicho! Kaingia nacho ndani na kitako kaweka kitandani.

Kahawa inafurika, nende. Huko chumbani nawasikia — sasa wote wawili wanamfokea nahodha —