Umri Wenu, Wifi

Songea, 14 Julai 2024

Wifi Shakila,

Nasrin alipoteza utoto wake mwezi wa sita, wakati wa likizo, uani kwenu Namasakata. Assalaam aleikum. Mama hajambo? Mpe shikamoo yangu. Sisi wazima wa mwili.

Nilileta mtoto wa miaka saba na nusu amwone bibi yake. Alipoona damu mkamwingiza unyagoni na wasichana wa miaka kumi na tatu, hata simu hamkunipigia. Sasa haruki kamba na wenzake. Ananiambia, "Mimi mtu mzima, mama." Na meno ya mbele hayajamaliza kuota.

Daktari anauliza: upande wa baba walivunja ungo wakiwa na umri gani? Marehemu kaka yako hawezi kuniambia. Wewe unaweza.

Wifi yako,
Biasha

Namasakata, 2 Agosti 2024

Wifi,

Waaleikum salaam. Mama magoti yanamsumbua, mengine heri.

Damu ikitoka, mtoto anachezwa. Ulitaka tumfiche ndani? Na mambo ya unyago hayaandikwi kwenye karatasi, ungemtuma kungwi. Wewe, kwa kuwa una mashine ya kukoboa mahindi, unadhani kila kitu kinapimwa kwa kilo. Ulimzaa kadogo kama kifaranga, ukamnenepesha kwa chipsi, leo kosa ni letu. Hata mimi na dada tulisemwa utotoni kwamba tumeguswa na wanaume. Hatukufa.

Wifi yako,
Shakila

Songea, 11 Agosti 2024

Wifi, salaam. Mama mkandeni magoti kwa maji ya moto.

Ni kweli, alizaliwa na kilo moja na gramu mia nane. Malaria ilinikamata nikiwa na mimba yake. Daktari kasema hilo linaweza kuchangia, na kunenepa haraka pia. Lakini wapo wanaorithi balehe ya mapema kwa baba, na baba mwenyewe asionyeshe dalili. Kama ni ya ukoo wenu, anaanza sindano za kuituliza mwezi huu. Kama siyo, kwanza picha ya kichwa Dar kutafuta uvimbe, foleni ya miezi, huku mifupa inakomaa na kimo kinasimama.

Mlisemwa, umeandika mwenyewe. Msichana wa kumi na tatu nani atamsema? Siri za ngoma kaeni nazo. Wewe na dada yako, mlikuwa na miaka mingapi? Alhamisi tarehe 22, saa tatu asubuhi, naingia kwa daktari. Nijibu kabla ya hapo. Namba mbili tu.

Mama Nasrin