Alama ya Pua

Mpendwa Dada,

Jambo utakalolisoma humu sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata mto wangu wa kulalia. Lakini kwanza shikamoo. Natumaini masomo ya uuguzi hayajakumaliza, na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma amepata dawa. Sisi hatujambo, angalau ndivyo tunavyowaambia watu. Mama ni mzima. Mdogo wetu ameng'oka meno ya mbele na sasa kila akisema anapiga mluzi. Baba anakusalimu pia, na habari zake ndizo zilizonikalisha hapa mezani.

Unaikumbuka ile kamera aliyonunua ulipokuwa unaondoka. Anaipenda kuliko sisi. Ina kigurudumu cha kurekebishia mbele na kingine nyuma, kioo kidogo juu cha kuonyesha mwanga na kasi ya kupiga, na imezibwa vizuri hata manyunyu hayapenyi. Kitabu chake cha maelezo kimeandikwa kwa lugha ya shuleni, kwa hiyo nilimsomea mimi ukurasa kwa ukurasa, yeye akitamba kwa Mama kwamba sasa ana mkalimani wake. Tangu hapo kazi yangu ni kuifuta kila jioni akirudi kutoka studio.

Hapo ndipo nilipoona. Baba huchungulia kwa jicho la kulia, kwa hiyo pua yake huacha alama ya mafuta upande wa kushoto wa kile kioo cha nyuma kinachoonyesha picha. Nimeifuta mpaka naijua kama sahihi yake. Siku moja nikaikuta upande wa kulia. Nikadhani kamera imeshikwa na mtu mwingine. Kesho yake ikawa palepale. Baba alikuwa amehamia jicho la kushoto, kimyakimya.

Halafu kuna kile kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia, cha kulinganisha tundu na jicho la mpigaji. Hakibadilishi picha, kinabadilisha tu anachokiona anayechungulia. Leo nakikuta kimezungushwa hadi mwisho wa huku, kesho hadi mwisho wa kule, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Picha zenyewe ni safi, Dada, kwa sababu kamera inalenga yenyewe. Wateja wanamsifu. Juzi ililenga shada la maua, bibi harusi akawa ukungu nyuma yake. Baba akasema huo ndio mtindo wa kisasa, watu wakacheka, naye akacheka nao. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake ukipapasa meza, ukitafuta kifuniko cha lenzi kilichokuwa mbele yake. Wiki hiyohiyo aliligonga geti kwa gari. Mama alipouliza, akasema geti limesogea.

Jumamosi ana harusi mji wa pili. Anaendesha mwenyewe, ile barabara ya mlimani, na Mama na mdogo wetu watapanda humo wakamwone shangazi.

Sasa nakiri. Jana nilikizungusha kile kigurudumu hadi mwisho. Nilipochungulia, mlango mzima uliyeyuka. Kisha nikamwomba Baba anipige picha. Unajua ninavyokimbia kupigwa picha, kwa hiyo alifurahi sana, akaniita Bibi Kimya, akaniambia nisimame mlangoni nicheke kidogo. Nikafumba macho, nikatoa ulimi wote nje. Hakukigusa kigurudumu, kana kwamba ukungu ule kwake ni wa kila siku. Alibonyeza, akasema tabasamu hilo ni la Mama mtupu.

Picha ipo. Imetoka safi kabisa, mpaka vipele vya ulimi vinaonekana. Sijaweza kuifuta.

Leo nimeuficha ufunguo wa gari. Umo ndani ya soksi yangu ya shule, na soksi nimeivaa. Tangu mchana nyumba inapekuliwa, na mdogo wetu ameshafinywa sikio kwa kosa langu, akalia kwa mluzi, na mimi nikaendelea kutafuta pamoja nao. Kusema siwezi. Nikimtazama Baba naishia kumwuliza kama anataka chai. Nikimwambia Mama, atapiga kelele mpaka mtaa usikie, na Baba atakuwa mpiga picha kipofu midomoni mwa watu kabla hajapata hata daktari. Simu nayo ni ya Baba, na nyumba hii unaijua, kuta zinasikia.

Kwa hiyo barua hii nampa jirani fundi cherehani, anakuja huko kesho asubuhi. Njoo kabla ya Jumamosi, Dada. Wewe ukisema anakaa chini. Mwambie habari za madaktari wa macho wa hapo mnapofundishwa. Usimwambie habari ya ulimi.

Msalimie mkoromaji. Ukija, nitakupokea kituoni, na ufunguo nitakukabidhi wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Bibi Kimya

Dada, nyayo. Ni zake, anakuja akipapasa ukuta wa ukumbini. Naificha hii chini ya daftari la hesabu.

Amesimama mlangoni. Taa inawaka. Karatasi imetokeza nusu nzima, kalamu inatembea, ananitazama usoni, na anauliza kama ni mimi au ni mdogo wetu.