Mkate wa Masista Umebaki Mezani

Mama Makena,

Nakusalimu kwa mkono, ingawa mkono haufiki Githongo. Huku Runyenjes ni manyunyu tu tangu Jumatatu.

Jana nilipika ule mkate wa soda niliofundishwa na masista wa Ayalandi, mimi peke yangu kati ya wapishi wao wote. Nikakanda unga na maziwa lala, nikachora msalaba juu, nikafunika sufuria na kuweka makaa kwenye kifuniko. Ukatoka kama wa Ulaya kabisa!

Makena akasema, "Baba, ni mtamu sana." Bwana wake akasema, "Mzee, wewe ni fundi." Kila mmoja akamega kidogo, halafu wakafungua mkate wa duka. Leo wameenda kazini, nami nimebaki nikiuangalia wangu mezani.

Wewe nilipokupikia mkate huo uliniambia, "Hili ni jiwe la kujengea," ndipo nikafunga mzigo nikaja huku kwa Makena. Lakini jiwe hilo ulilichovya kwenye chai ukamaliza hata makombo.

Nilisema sirudi mpaka uniite, na bado nasema hivyo. Basi niite, hata kwa matusi. Na uweke maziwa yalale.

Mzee wako, mpishi wa masista