Matawi Mbele ya Gari

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwili tena. Tumempeleka marehemu kwao Galapo, mimi nyuma na jeneza, dada zake wakilia mapajani kwangu. Na mimi nilisomea kuwahi watu wakiwa hai! Nikimwambia bosi Sosthenes kwamba ambulensi ni ya wagonjwa, anasema wagonjwa wa Babati wanapanda bajaji, wanaotaka ambulensi ni wafu. Kisha anacheka mwenyewe.

Gari ni moja, wafanyakazi ni mimi na dereva, kaka Theophil. Zamu hatuna, kwa sababu wa kupokezana naye hayupo. Tukishusha mwili tunapiga deki, tunapuliza dawa, basi — gari la wagonjwa.

Theophil ndiye hufunga matawi mbele, kama ilivyo desturi, ili njiani watu wajue ni msiba. Leo ameyafunga huku anapiga miayo. Nikamwambia aombe likizo. Akauliza nani ataendesha, wewe? Hata baiskeli siiwezi.

Jumatano, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mwili mwingine, wa kupeleka Magugu. Tumeushusha, hata chai hatujanywa, bosi anapiga simu: kuna mzee huko Singe kifua kimembana, nendeni moja kwa moja, msipitie ofisini. Deki tukapiga pale pale kwa maji ya dumu. Nikaandaa mtungi wa oksijeni na barakoa. Moyoni nilijisifu.

Tumeingia kwake na king'ora. Mkewe, Mama Benadetha, alikuwa mlangoni. Akatuona, akashika kichwa, akakaa chini. Jirani mmoja akaangua kilio, wengine wakafuata. Mwanamke mmoja akauliza amekufa saa ngapi. Nikashangaa. Ndipo nikaona wanachokitazama — matawi. Tumeyasahau, sote wawili. Tumechoka mpaka hatuoni kilicho mbele ya gari letu wenyewe.

Theophil alishuka akayang'oa kwa mikono, waya ukamchana vidole. Haikusaidia. Mzee Romanus alikuwa kwenye kiti uani, anahema kwa mabega, ameona kila kitu. Nikapiga magoti. Shikamoo baba, hii ni hewa tu, itakusaidia. Akaisukuma barakoa. Akasema, neno moja moja, kwamba watu wameshamlilia, kwa hiyo gari hilo hapandi.

Wakampakia kwenye bajaji. Niliomba nipande na mtungi wangu, mwanawe akasema nisimguse baba yake. Tukawafuata nyuma mpaka hospitali. Mtungi umejaa, kitanda kitupu. Nimelia njia nzima, Theophil ananiona kwenye kioo.

Alhamisi, 12 Juni

Amefariki.

Bosi anataka kujua kosa ni la nani. Theophil akasema la kwake. Nikasema la kwetu. Bosi akasema baada ya wiki hii atabaki mmoja, tuamue wenyewe. Hakuuliza tumelala lini mara ya mwisho.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa ndani ya gari, Singe, nje kwa marehemu mzee Romanus. Anakwenda kuzikwa kwao Dongobesh, na gari lililopatikana ni letu. Nilimsihi bosi atafute watu wengine, hata kwa leo tu. Akasema mteja ni mteja.

Jeneza limeshaingia. Mwanawe amekaa pembeni yake, hanitazami. Theophil amesimama mbele ya gari, vidole vina plasta, hana hata tawi moja. Waombolezaji wanasubiri. Hathubutu kuyakata, na bila matawi hatuwezi kuondoka.

Mama Benadetha ametoka nyuma ya nyumba. Amekata matawi yeye mwenyewe, amejaza mikono.

Anampa Theophil. Anamwambia, taratibu kabisa, leo ndiyo siku ya matawi, baba, yafunge.

Theophil analia. Hajayapokea. Mama bado amenyoosha mikono.